Somo la Ufundi: Msanifu wa Tovuti na Funguo za Mteja Wake

Ukurasa huu wa masomo hueleza kazi ambazo mkazi wa kata anaweza kujifunza na kuziendesha bila kuhama wilaya. Katika toleo hili tumechagua usanifu wa tovuti, na sababu zake ni mbili. Kwanza, ni nadra mwezi upite bila kijana mmoja au wawili kufika katika Kitengo cha Mawasiliano cha Halmashauri kuuliza kama fani hiyo inalipa na wapi pa kuanzia. Pili, ofisi hiyohiyo huwapokea wenye vikundi, nyumba za wageni na maduka ambao walilipa fedha wakatengenezewa tovuti, kisha tovuti ikatoweka na fundi akawa hapatikani kwa simu. Wageni wa aina hizi mbili huketi katika benchi moja nje ya mlango wetu bila kujuana. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao wote, kwa kuwa kinachomkosesha kijana kazi ya pili mara nyingi ndicho kilekile kilichompotezea mteja tovuti yake ya kwanza.

Kazi yenyewe

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazohifadhiwa katika kompyuta iliyowashwa saa zote, iitwayo seva, na kufunguliwa na mtu yeyote mwenye simu au kompyuta kupitia kivinjari. Utaratibu huu ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi. Aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 watu wa nje ya kituo wakaanza kuufahamu na kuutumia. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya watu wote na haitadaiwa ada. Tangazo hilo lina maana hadi leo kwa kijana wa kata yoyote wilayani: hamlipi mtu chochote ili apate ruhusa ya kuandika ukurasa wa tovuti.

Ukurasa huandikwa kwa lugha tatu. HTML hueleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kitufe. CSS hueleza vitu hivyo vionekane vipi, yaani rangi, ukubwa wa herufi, nafasi na mpangilio. Wazo lake lilitolewa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie wa Norway. JavaScript hueleza kitu kifanye nini kinapoguswa. Anayeanza ajifunze kwa mfuatano huohuo, wala asione haya kukaa miezi kadhaa katika zile mbili za kwanza. Tumewaona vijana walioirukia ya tatu kwa kuwa ndiyo yenye sifa vijiweni, nao wakashindwa kuweka picha mbili zikae sambamba.

Vifaa havihitaji mtaji mkubwa. Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, pamoja na programu ya bure ya kuandikia msimbo na vivinjari viwili vya kujaribia, mathalani Chrome na Firefox. Simu peke yake haitoshi kujengea, ingawa ndicho chombo muhimu kuliko vyote cha kujaribia, kwa sababu iliyo wazi: wateja wa wateja wako wana simu. Kikwazo ambacho watangazaji wa mafunzo hawakitaji ni Kiingereza. Maelezo bora ya bure, kama yale ya MDN yanayotunzwa na shirika la Mozilla, hayapo kwa Kiswahili, na hata maneno ya lugha zenyewe yametokana na Kiingereza. Asiyekisoma vizuri asikate tamaa, ila apange muda wa kukisoma sambamba na ufundi, kama fundi magari anavyojifunza majina ya vipuri.

Zipo pia programu zinazorahisisha ujenzi. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, humwezesha mtu kupanga kurasa bila kuandika msimbo mwingi, na siku hizi programu za akili mnemba humtolea mtu ukurasa mzima kwa dakika chache. Wapo wanaosema kwamba fani imekwisha. Kwa maoni ya mwandishi, iliyokwisha ni ile sehemu ya kazi ambayo mteja hakuwa akiilipia kwa furaha hata zamani. Hakuna programu itakayokwenda kuketi na mwenyekiti wa kikundi chini ya mwembe na kumuuliza mnunuzi wake wa mwisho alimpata kwa njia gani.

Maswali kabla ya rangi

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki kinachotaka kuuza asali nje ya wilaya. Mwenyekiti anasema, “Tunataka tovuti nzuri, kama ya benki.” Msanifu mchanga hufungua kompyuta papo hapo na kuanza kuchagua rangi. Aliyekomaa hufungua daftari na kuuliza. Nani ataifungua tovuti hii? Akiwa wapi, na kwa simu ya namna gani? Akishafungua, tunataka afanye nini? Je, mzigo humfikiaje mnunuzi aliye Dar es Salaam au Mwanza? Nani katika kikundi atapokea simu yake, na asipokuwepo ataipokea nani? Bei ikibadilika, nani ataibadilisha katika ukurasa?

Majibu ya maswali haya ndiyo usanifu wenyewe, na rangi hufuata baadaye. Mnunuzi wa asali anataka kujua ni asali ya nyuki wakubwa au wadogo, vyombo ni vya ujazo gani, bei ni kiasi gani, ina alama ya ubora ya TBS au haina, na namba ya kupiga ni ipi. Anataka kuyajua hayo kabla hajashuka chini ya skrini ya kwanza. Historia ya kikundi na majina ya viongozi yana mahali pake, ila si hapo. Tukiri kwamba hata sisi wa maofisini tuna ugonjwa huu: mwananchi anatafuta fomu ya leseni, nasi tunampokea kwa picha kubwa ya mgeni rasmi akikata utepe.

Baada ya maswali, chora ukurasa kwa penseli kwenye karatasi yenye upana wa simu. Mwonyeshe mteja karatasi hiyo kwanza. Mtu huona haya kumwambia fundi abomoe kitu kilichokwisha kung'aa kwenye kompyuta, lakini karatasi ya penseli huikosoa bila wasiwasi, na ni hapo ndipo utakaposikia kwamba namba uliyoandika ni ya mweka hazina aliyejiuzulu.

Ukishajenga, fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Mpe simu mtu asiye mwanakikundi, mama muuza vitumbua au dereva wa bodaboda, na umwombe: “Nitafutie bei ya chupa ya nusu lita.” Kisha nyamaza. Usimwelekeze wala usinyooshe kidole. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko msimbo wowote, kwa kuwa utamwona akipita juu ya kitufe ulichokihangaikia siku tatu kana kwamba hakipo. Pale alipokwama ndipo pa kurekebisha, na usimlaumu kwa kukwama. Watu watatu au wanne wanatosha kukuonyesha makosa makubwa.

Uzito wa ukurasa ni fedha ya mtu

Jambo linalosahaulika na wengi ni kwamba kila anayefungua tovuti analipia. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa yaweza kuwa na uzito wa megabaiti 4. Msanifu akiweka picha nane za mizinga na chupa kama zilivyo, ukurasa unakuwa na megabaiti 32. Mgeni mwenye kifurushi cha megabaiti 500 ataufungua ukurasa huo mara 15, na kifurushi kitakuwa kimekaribia kwisha. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200 na kubanwa kwa programu ya bure, kila moja yaweza kushuka hadi kilobaiti 150 hivi. Nane kwa pamoja ni megabaiti 1.2, na kifurushi kilekile kinafungua ukurasa zaidi ya mara 400. Kwa jicho la kawaida, katika skrini ya simu, tofauti ya picha haionekani. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na msanifu asiyeifanya anamtoza fedha mtu asiyemjua.

Ukurasa ujirekebishe pia kulingana na skrini. Zamani watu walijenga tovuti moja ya kompyuta na nyingine ya simu. Mwaka 2010 msanifu wa Marekani, Ethan Marcotte, alieleza namna ya kuandika CSS moja inayojipanga upya kwa upana wowote, na utaratibu huo ndio unaotumika mpaka sasa. Anza kupanga kwa simu ndogo, kisha ongeza nafasi kwa ajili ya kompyuta. Ukianza na kompyuta utajikuta unabana na kuficha vitu.

Yapo mengine madogo yenye faida kubwa. Namba ya simu iandikwe kwa +255 na ifanywe kiungo, ili mtu akiigusa apige moja kwa moja hata akiwa nje ya nchi. Herufi za kijivu hafifu juu ya nyeupe zinapendeza ofisini, lakini mtu aliye gulioni juani hazioni. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, leo unataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na zipo programu za bure za kuupima. Mwanzoni mwa msimbo tamka kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili, kwa kuweka alama ya “sw” katika sifa ya “lang”. Wengi huiacha “en” waliyoikuta katika mfano walionakili. Matokeo yake ni kwamba programu inayomsomea kwa sauti mkazi asiyeona huweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na akaambulia kelele tupu.

Jina, makao na funguo

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo, nasi tunaomba msanifu na mteja waisome pamoja.

Tovuti ina vitu vitatu vinavyotenganishika. Cha kwanza ni jina lake, ambalo wataalamu huliita kikoa. Majina ya Tanzania huishia na .tz: biashara hutumia .co.tz, asasi zisizo za faida .or.tz, shule .sc.tz, vyuo .ac.tz, na taasisi za Serikali .go.tz. Jina halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kupitia msajili aliyeidhinishwa kwa kipindi maalumu, aghalabu mwaka mmoja, kisha huhuishwa kwa kulipiwa tena. Kitu cha pili ni makao, yaani nafasi katika seva inayokodiwa kwa mwezi au mwaka. Cha tatu ni kurasa zenyewe pamoja na nenosiri la kuingilia kuzihariri. Kila kimoja kina ufunguo wake, na mwenye ufunguo wa jina ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa kuwa makao yaweza kuhamishwa na kurasa zaweza kujengwa upya, ila jina likipotea limepotea pamoja na kila karatasi lilikochapwa.

Niruhusiwe hapa kueleza kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikisoma stashahada ya mawasiliano ya umma, nilimtengenezea tovuti mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na chuo. Nilisajili jina kwa barua pepe yangu ya wakati huo kwa kuwa yeye hakuwa nayo, nikaona ninamsaidia. Akanilipa, akafurahi, akachapisha kalenda na vitabu vya risiti vyenye anwani hiyo, na fundi akaiandika kwenye kibao cha barabarani. Nikamaliza masomo, nikaajiriwa mbali, nikabadilisha laini ya simu, na ile barua pepe ya uanafunzi nikaacha kuifungua. Taarifa za kuhuisha jina zilifika humo moja baada ya nyingine, hakuna aliyezisoma. Jina likaisha muda, likaachiliwa, likachukuliwa na mtu mwingine.

Mama yule alinitafuta kwa zaidi ya mwezi hadi akapata namba yangu kwa mwanafunzi mwenzangu wa zamani. Nilipomwamkia, “Shikamoo, mama,” aliitikia kwa upole, kisha akaniuliza, “Mwanangu, ile anwani uliyonipa umeifanyaje? Mgeni wangu anasema akiifungua anaona kamari.” Nilifungua nikaona ni kweli. Mmiliki mpya alikuwa tayari kuliuza jina kwa bei ambayo mshahara wangu wa miezi kadhaa usingeifikia. Nilichoweza ni kumsajilia jina jipya la .co.tz, safari hii kwa jina la biashara yake na barua pepe yake, kuijenga upya tovuti, na kumlipa fundi aliyekipaka upya kibao. Vitabu vya risiti vilivyobaki havikuwa vichache. Alivikata kona kwa mkasi, karatasi baada ya karatasi, ili anwani ile isimpeleke mgeni wake kwenye kamari.

Sikuwa tapeli, wala wengi wa vijana wanaolalamikiwa katika ofisi yetu si matapeli. Walisajili kwa majina yao kwa kuwa ilikuwa rahisi, kisha maisha yakasonga. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii iwe moja: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja na kwa barua pepe ya mteja, tangu siku ya kwanza, hata kama kumfungulia mteja barua pepe kutakula asubuhi nzima. Kwa kikundi, itumike barua pepe ya kikundi, si ya katibu, na nenosiri liandikwe na kutunzwa pamoja na muhuri na vitabu vya fedha. Tarehe ya kuhuisha iandikwe ukutani kwenye kalenda ya ofisi, nje ya simu ya fundi.

Upande wa pili nao una haki ya kusikika. Vijana wametueleza kwamba hushika funguo ili mteja asiwadhulumu, kwa kuwa wapo wanaochukua kazi na kutolipa. Dhuluma hiyo ipo na tumeishuhudia. Hata hivyo, kinga yake ni mpangilio wa malipo. Tovuti ijengwe kwanza katika anwani ya majaribio, mteja aione na kuijaribu humo, na ihamie kwenye jina lake halisi pale awamu ya malipo iliyokubaliwa inapokamilika. Kwa njia hiyo fundi haachi jasho lake mikononi mwa mtu, na mteja hamwachii fundi jina lake.

Bei na maandishi

Msanifu wengi wachanga huuliza, “Tovuti ni shilingi ngapi?” Ni sawa na kuuliza nyumba ni shilingi ngapi. Hesabu siku utakazofanya kazi, pamoja na za maswali, majaribio na marekebisho, kisha zidisha kwa kiasi unachohitaji kwa siku ili uishi na kifaa chako kiishi. Tuchukulie siku 12 kwa shilingi 40,000: ni shilingi 480,000. Huo ni mfano wa hesabu tu, si bei elekezi ya Halmashauri. Gharama za jina na makao zitajwe pembeni kama zilivyo katika stakabadhi, kwa kuwa hizo mteja atazilipa kila mwaka na ni haki yake kuzijua. Cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli hupatikana bure kwa Let's Encrypt, hivyo anayekitoza kama bidhaa ghali aulizwe.

Makubaliano yaandikwe, kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja: kurasa ngapi, nani ataleta maandishi na picha, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo yatakuwa kwa awamu zipi, na matunzo baada ya makabidhiano yatagharimu kiasi gani. Kipengele cha nani ataleta maandishi ndicho kinachochelewesha kazi nyingi kuliko ufundi wowote. Mteja huahidi maelezo Jumatatu, na Jumatatu hiyo huweza kufika baada ya mavuno. Weka tarehe, na useme nini kitatokea ikipita.

Sheria zinazoigusa kazi hii ni kadhaa, nasi tutaje tatu. Picha na michoro iliyokutwa mtandaoni ina wenyewe, nao wanalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Piga picha zako, ndizo zitakazoonyesha mizinga ya kweli ya kikundi chako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na deni la mteja si idhini. Msanifu anayerudi usiku kwa nenosiri la zamani ili kuifuta tovuti ya mdaiwa wake anajigeuza kutoka mdai kuwa mshtakiwa. Ya tatu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiweka fomu ya kuchukua majina na namba za wageni, unakusanya taarifa binafsi: omba zile tu zinazohitajika, eleza matumizi yake, na umweleze mteja kuhusu wajibu wa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mara nyingi utagundua kwamba namba ya simu inayopigika inatosha na fomu haihitajiki.

Pa kuanzia hapa wilayani

Anayetaka mafunzo ya darasani aulize nafasi za TEHAMA katika vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Anayejifunza mwenyewe ajenge tovuti tatu za mazoezi kabla ya kudai malipo: moja ya mtu wa familia, moja ya duka la jirani, na moja ya jambo analolijua kwa moyo, iwe timu ya mtaa au kilimo cha vitunguu. Hizo ndizo atakazomwonyesha mteja wa kwanza, na zitasema mengi kuliko cheti.

Anayeanza kuifanya kama biashara asajili jina la biashara BRELA, achukue Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bila malipo, kisha amwone Afisa Biashara wa Halmashauri kwa ajili ya leseni. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliojiunga katika kikundi kilichosajiliwa wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Katika andiko la mradi msiishie kuandika “kununua kompyuta”. Andikeni wateja mnaotarajia kuwahudumia, kwa majina ya shughuli zao, na mlikwisha kuzungumza na wangapi.

Jambo moja tuliseme mapema ili kuokoa nauli: tovuti ya Halmashauri haitolewi kwa fundi mmoja mmoja, kwa kuwa iko katika mfumo wa pamoja unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Soko lenu lipo kwa wenye nyumba za wageni, shule binafsi, vyama vya ushirika, taasisi za dini, mafundi samani na wasindikaji wa mazao, ambao wengi wao hawajawahi kuulizwa swali hata moja kati ya yale ya daftari.

Kitengo cha Mawasiliano kimeandaa karatasi ya mfano ya makabidhiano yenye nafasi ya kujaza jina la tovuti, msajili wake, barua pepe iliyosajiliwa, tarehe ya kuhuisha, mahali pa makao, na sahihi za fundi, mteja na shahidi. Nenosiri haliandikwi katika karatasi hiyo. Linabaki katika bahasha ya mteja. Nakala zinapatikana bila malipo kwa Maafisa Watendaji wa Kata. Wale ambao tovuti zao zilijengwa zamani nao wanaweza kuichukua, wakamtafuta fundi wao na kuijaza pamoja naye kabla ya tarehe ya kuhuisha kufika.